Sindano ya Mama Levis na Maombi ya Kabla ya Chakula

GARSEN. Saa kumi na nusu alfajiri, adhana bado haijatoka, na ndani ya kibanda cha mabati kinachotazamana na soko la ng'ombe, Kahaso Mwaringa anagombana na unga asioweza kuushika.

Unga uko kwenye beseni. Mikono iliyozama ndani yake ni ya binti yake, Cynthia, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja. Mkono wa kulia wa Kahaso umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo, na ameuinua kifuani kama aliyebeba kifaranga. Wa kushoto unaelekeza tu.

“Kanda, Cynthia! Unaupapasa kama mtoto mwenye homa.”

“Mama, mikono imechoka.”

“Unga wenyewe haujachoka. Ongeza tui. Kidogo, nimesema! Unataka leo tuuze uji?”

Cynthia anacheka kwa pua, anajifuta jasho kwa bega, kisha anaendelea. Harufu ya iliki na hamira imejaa kibandani. Nje, baba yake, Mzee Gunga Kombe, anapasua kuni taratibu. Kila shoka linapotua, Kahaso anafumba macho kidogo. Mtikisiko huo, anasema, anausikia kwenye vidole.

Vidole vyenyewe havipo. Kile kidogo na kinachokifuata vilikatwa mwezi wa Agosti mwaka huu wa 1999. Kidonda kilichobaki hakijafunga. Daktari wa upasuaji alimwambia wazi kwamba kikifika kwenye mfupa, mkono wote utaondolewa kuanzia kifundoni.

Kahaso ana umri wa miaka arobaini na minane. Hapa Garsen wachache wanalijua jina lake. Ni Mama Levis, kwa jina la kifungua mimba wake anayefanya kazi Mombasa, na mahamri yake yalikuwa yakisubiriwa na wachunga ng'ombe waliotembea kutoka huko juu Chewele. Siku nzuri ya soko alikuwa akiondoka na shilingi mia nne hivi. Sasa akipata nusu yake anamshukuru Mungu.

Wateja hawakukimbia kwa sababu ya bandeji peke yake. Alipotoka hospitali alijaribu kukanda kwa mkono aliobaki nao, wa kushoto. Siku ya tatu habari zilikuwa zimezunguka soko lote. Wengi wa wateja wake ni Waorma na Wasomali, Waislamu, na mkono wa kushoto una kazi yake, wala si ya chakula. Hakuna aliyemtukana. Walipitiliza tu.

“Mimi naambia yeye,” anasema Barwako, mama wa Kiorma anayemletea maziwa kila asubuhi kwa kibuyu, naye leo amefika unga ukiwa bado unaumuka. “Mama Levis, wewe nataka watu ya soko ikufe na njaa? Tia msichana huyu kazini! Yeye iko na mkono mbili, kazi yake nakunywa chai tu.”

“Barwako, ukisema hivyo maziwa yako nitayamwaga,” Cynthia anamjibu.

“Mwaga! Kesho utakunywa strungi, chai kavu, kama polisi ya barabarani.”

Kahaso anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. Mahamri ya Cynthia bado ni magumu. Yeye mwenyewe anajua, na wateja wachache waliorudi wanajua pia, ingawa kwa heshima wanayachovya kwenye chai muda mrefu kidogo.

Ugonjwa ulimwanza kabla ya kibanda hiki. Mwaka 1994 bado walikuwa wakilima mpunga Kau, karibu na pale mto unapokutana na bahari. Alikuwa anakunywa mtungi mzima na bado koo linawaka. Siku moja akaona sisimizi wamejipanga pale alipokojoa nyuma ya nyumba. Mama mkwe wake aliwatazama wale sisimizi, akatikisa kichwa, akasema aende hospitali.

Kilikuwa kisukari, cha aina ile inayowapata watu wazima. Alipewa vidonge, na kwa miaka mitatu vilimsaidia. Kisha mwishoni mwa 1997 yakaja mafuriko ya El Nino. Mpunga wote ukaenda, nyumba ikaenda, na vidonge vikaenda na sanduku la nguo. Walifika Garsen kwa mtumbwi, na miezi ya kulala kwenye hema la msaada, kwa unga wa msaada, ikammaliza nguvu.

“Aliponijia alikuwa kama kuti kavu,” anasema Abdinur, tabibu wa kituo cha afya ambaye watu wote humwita daktari. “Vidonge havikumshika tena. Nikamwambia, mama, sasa ni sindano.”

Abdinur anaeleza jambo hilo kwa maneno mepesi. Mwili wa mgonjwa kama Kahaso bado unatengeneza insulini, ila kidogo, na kidogo hicho hakitumiki vizuri. Usiku, tumbo likiwa tupu, sukari yake inaweza kutulia. Tatizo kubwa ni baada ya kula. Akila wali au mahamri, sukari inapanda kwa kasi, na insulini yake ya mwilini inakuja nyuma ikihema.

Sindano aliyoanza nayo ni ile ya kawaida, ambayo imetumika miaka mingi. Ni dawa nzuri na imeokoa watu, lakini ina uzito wake. Ukishaidunga, inachukua karibu nusu saa kuamka. Kwa hiyo mgonjwa lazima adunge, asubiri nusu saa, ndipo ale. Akila mapema, sukari inaitangulia dawa. Akichelewa, dawa inamkuta tumbo tupu na kumwangusha. Isitoshe, hukaa mwilini saa nyingi baada ya chakula kuisha.

Kibandani, nusu saa ilikuwa anasa. Kahaso angejidunga, ajiandae kula, mara basi la Lamu linafika na askari wake wa kulisindikiza, watu arobaini wanataka chai kwa wakati mmoja. Nusu saa ikawa saa moja na zaidi. Mara ngapi Cynthia alimkuta ameshikilia meza, anatetemeka, jasho baridi linamtoka! Siku nyingine, kwa kuogopa hilo, alikula bila kudunga kabisa.

Chakula cha jioni kilikuwa tofauti. Jioni palikuwa na maombi ya Mzee Gunga.

Mzee Gunga ni mzee wa kanisa, mwembamba, mpole, na maombi yake hayana haraka. Katika nyumba yake, tangu Kau, desturi ni moja. Chakula huandaliwa mkekani, sahani ya kila mtu mbele yake, sufuria katikati zikiwa zimefunikwa. Kisha huimbwa wimbo, husomwa Neno, halafu Mzee anaomba. Hakuna anayegusa tonge kabla ya amina, na hakuna anayefumbua macho.

“Baba anaombea serikali, wagonjwa, wafungwa, na mvua,” anasema Cynthia. “Anawaombea wafugaji na wakulima wasigombane. Hata mamba alikuwa akitajwa, awaache watu wa Kau wachote maji. Tulipokuwa wadogo, paka alikuwa anajua. Akisikia baba ameanza, anakuja kusubiri karibu na samaki.”

Kwa Kahaso, maombi hayo yalikuwa saa. Wimbo ulipoanza, alijidunga tumboni chini ya leso. Amina ilipofika, dawa ilikuwa imeamka, na chakula kiko tayari. Hakuhitaji kutazama mshale wowote wa saa.

“Nilikuwa nasema Mungu amenipangia,” anasema. “Mume wangu anaomba, dawa inafanya kazi. Vyote pamoja.”

Mwanzoni mwa mwaka huu, hospitali moja ya misheni ya pwani ilitafuta wagonjwa wa kisukari waliokuwa kwenye sindano. Walitaka kulinganisha ile insulini ya kawaida na mpya inayoamka haraka, waone ni ipi inayotuliza sukari vizuri zaidi baada ya mlo. Mgonjwa angetumia ya zamani kwa miezi kadhaa, kisha ahamie mpya, na kila mara apimwe damu ya kidoleni saa mbili baada ya kula. Abdinur alimpendekeza Kahaso.

Alianza na ya zamani, aliyoizoea. Vipimo vyake vya baada ya chakula havikupendeza. Kumi na nne, kumi na tano, mara nyingine zaidi. Mgonjwa kama yeye anatakiwa awe chini ya kumi. Mwezi wa Julai akapewa kichupa kipya. Akakizika kwenye mtungi wa mchanga uliolowa, kama alivyohifadhi vingine, maana nyumbani hakuna friji.

Abdinur alimwonya. Hii haina nusu saa, alimwambia. Hii inaamka ndani ya robo saa. Usidunge na kwenda kuchota maji. Usidunge na kuanza kupika. Dunga sahani ikiwa mbele yako.

Kahaso alirudia maneno hayo mbele yake, akayarudia tena njiani. Mchana huo, kibandani, alitenga wali wake, akadunga, akala. Hakutetemeka. Saa mbili baadaye kipimo kilionyesha nane. Alimwonyesha Barwako ingawa Barwako hakujua namba hiyo inamaanisha nini, na Barwako akapiga kigelegele hata hivyo.

Jioni walikaa mkekani. Sufuria ya mchuzi wa kambare ilikuwa imetoka motoni wakati ule ule, kifuniko kinarukaruka kwa mvuke. Sahani ya Kahaso iliwekwa mbele yake. Alitazama: sahani iko mbele. Akafanya kama alivyoambiwa. Wimbo ukaanza.

Jioni hiyo Mzee Gunga alikuwa na jambo la kushukuru. Aliishukuru dawa mpya. Aliwashukuru walioitengeneza, walioivusha bahari, na Abdinur, ambaye si wa kanisa lake lakini aliombewa kwa jina na kwa ukoo. Kisha akaingia kwenye maombi yake ya kila siku, hakuacha hata moja.

Kahaso anakumbuka akiombewa yeye. Anakumbuka wafungwa. Kisha sauti ya mumewe ikaanza kwenda mbali, kama mtu anayezungumza ng'ambo ya mto. Alitaka kusema neno, lakini ulimi ulikuwa mzito, na tena, mtu huingiliaje maombi? Alidhani usingizi unamchukua. Akaona aibu. Akainamisha kichwa zaidi.

Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wamefumba macho.

Kifuniko cha sufuria kilianguka sakafuni.

Mzee Gunga alikisikia. Alidhani ni paka. Akapaza sauti kidogo, kama kawaida yake, akaendelea kuomba.

Amina ilipoitikiwa, ilikosa sauti moja. Cynthia alifumbua macho akamkuta mama yake amelala ubavu juu ya mkeka, mkono wa kulia umezama kwenye mchuzi mpaka kwenye kifundo. Hakupiga kelele alipoungua. Hakuwa na fahamu za kupigia kelele.

“Baba alikuwa analia, anamwita Yesu,” Cynthia anasema, akitazama pembeni. “Mimi nikakumbuka daktari alisema, mama akilegea, sukari. Nikampaka sukari ndani ya shavu kwa kidole. Nikampaka tena. Akafumbua macho, akaniuliza kama wameshaomba.”

Walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi kituo cha afya. Abdinur aliutazama mkono ule, akakaa chini.

“Kosa si lake,” anasema tabibu huyo. “Mama alinitii neno kwa neno. Nilimwambia sahani ikiwa mbele, na sahani ilikuwa mbele. Sisi kwetu chakula kikitengwa mtu anasema bismillahi, anakula. Haikunijia akilini kwamba kuna nyumba sahani inakaa mbele ya mtu nusu saa, na yeye amefumba macho.”

Tangu siku hiyo, mgonjwa yeyote anayepewa dawa hii na Abdinur huambiwa jambo moja zaidi. Anaulizwa: nyumbani kwenu, kati ya sahani na mdomo, kuna nini?

Kuungua kwa mtu mwenye sukari nyingi si kama kuungua kwa mwingine. Ngozi ilipona juu ya kiganja, lakini vidole viwili vya mwisho vilibadilika rangi, vikawa vyeusi. Hospitali ya misheni ikamchukua, ikavikata. Kisha wakamuuliza kama anataka kujitoa kwenye utafiti. Hakuna ambaye angemlaumu.

Kahaso alikataa, na sababu yake ni ya mtu aliyepiga hesabu. Kidonda hakifungi sukari ikiwa juu. Kwa dawa ya zamani, sukari yake ilikuwa ikipanda kila baada ya chakula, mara tatu kwa siku. Kwa hii mpya, akiidunga na kula papo hapo, anapata nane, tisa, mara chache kumi. Na basi la Lamu likija ghafla, haijalishi. Anangoja watu wamalizike, anatenga chakula chake, anadunga, anakula.

“Dawa iliyoniunguza ndiyo inayonifunga kidonda,” anasema, na hatabasamu anaposema hivyo. “Nitaichukia vipi?”

Abdinur ni mwangalifu zaidi. Hataki msomaji adhani ile ya zamani haifai. Wapo wagonjwa wake wenye saa zao za kula zilizonyooka, na wanaendelea nayo vizuri. Anasema pia kwamba mpya inaisha haraka mwilini, kwa hiyo Kahaso bado anahitaji sindano nyingine ya usiku, inayokwenda polepole. Na matokeo ya utafiti mzima bado hayajatolewa. “Mimi nasema ninachokiona kwa mama mmoja tu,” anasema.

Anachokiona ni nyama nyekundu. Anapofungua bandeji kila Jumatatu, kidonda kimepungua kwa upana wa punje ya mchele, au hakijapungua. Kuna wiki kilirudi nyuma, kikatoa maji, na Kahaso hakulala.

Na utafiti unamalizika Desemba. Vichupa vilivyobaki kwenye mtungi wa mchanga ni vya kumfikisha hapo, havizidi. Dawa mpya haiuzwi Garsen. Inasemekana Mombasa ipo kwenye duka moja au mawili, kwa bei ambayo Kahaso alitajiwa mara moja, na hakuuliza tena. Hospitali imesema itajaribu. Abdinur ameandika kuomba, hajajibiwa.

Kwa hiyo mashindano ni kati ya kidonda na mtungi. Kidonda kikifunga kabla vichupa havijaisha, mkono utabaki. Kisipofunga, atarudi kwenye dawa ya zamani na sukari ya kumi na nne, na daktari wa upasuaji bado yupo pale pale.

Adhuhuri, soko limepoa. Ng'ombe waliobaki wamelala kwenye vumbi. Kahaso, Mzee Gunga na Cynthia wanakaa nyuma ya kibanda kula.

Wali unapakuliwa. Sahani inawekwa. Mzee Gunga anavua kofia na kusema, “Baba, tunashukuru, amina.” Hapo hapo Kahaso anadunga kwa mkono wa kushoto, anaiweka sindano kando, na Cynthia anamtilia tonge la kwanza mdomoni, maana mkono wa kulia haufai na wa kushoto hataki kuutumia hata akiwa na njaa. Wateja wake wanapita barabarani, na baadhi yao hutazama.

Maombi marefu yamehamia baada ya chakula. Mzee Gunga anakiri kwamba ilimwia vigumu. Alilelewa hivyo na baba yake, na baba wa baba yake alibatizwa hivyo. Wapo wazee wenzake kanisani waliomuuliza, Kombe, siku hizi unakula kama askari?

“Nikawaambia ndiyo,” anasema. “Muulizeni paka wangu.”

Anajaribu kucheka, kisha anageuza uso. “Nilikisikia kile kifuniko. Kila siku nakisikia.”

Kahaso anamgusa goti kwa kiwiko cha mkono uliofungwa. “Baba Levis, nimeshakwambia. Kula.”

Mpango wake ni wa Krismasi. Kila mwaka, tangu Kau, yeye ndiye aliyekanda mahamri ya kanisa ya asubuhi ya Krismasi, beseni tatu, watoto wakisubiri mlangoni. Mwaka huu amemwambia mchungaji asitafute mtu mwingine. Atakanda kwa mkono wa kulia, kwa vidole vitatu. Amejaribu kwa siri na kitambaa kilicholowa maji, anakikunja na kukikamua, akipima kama kidole gumba na hivi viwili vitaweza.

“Vinaweza,” anasema. “Vinauma, lakini vinaweza. Ngozi ndiyo ninayoisubiri.”

Na dawa ya zamani ikirudi Januari?

Anamtazama mumewe ajibu.

“Ikirudi, wimbo unarudi kabla ya chakula,” anasema Mzee Gunga. “Nusu saa yote, kama zamani. Nitamwombea kila mtu.”

Sahani zimekwisha kutolewa. Anarudisha kofia magotini na kuanza kuomba: serikali, wagonjwa, wafungwa, mvua. Cynthia ameinamisha kichwa. Kahaso amefumba macho, mkono wake mweupe wa bandeji umelala mapajani.

Mzee hajafumba. Mtu aliyewachapa watoto wake kwa kuchungulia wakati wa maombi ameyatoa macho wazi, hapepesi, anamtazama mkewe usoni, neno kwa neno, mpaka amina.